Askari wa Kusindikiza Mabasi, Kibondo na Kasulu

Kwa miaka mingi, basi la kutoka Kibondo kwenda Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, lilipita porini likiwa na askari polisi mwenye bunduki. Vita vya Burundi na Kongo vilileta wakimbizi kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Silaha nazo zilivuka mpaka, majambazi wakateka magari.

Askari alikaa mbele, jirani na dereva, mahali ambapo risasi ya kwanza hulengwa. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu. Masika gari likikwama topeni, abiria walisukuma, yeye akitazama vichaka. Akifika, alingoja gari la kurudi. Wengi walikuwa makonstebo na makoplo, vyeo ambavyo ni nadra gazeti kuvitaja.

Kuwatambua askari kama hao, zipo nishani za taifa zinazotolewa na Rais, zikiwemo ya Ushupavu na ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Hii ya pili huhesabu miaka. Ushupavu, kwa kawaida, huonekana penye tukio. Safari iliyofika salama haina tukio. Abiria alishuka stendi ya Kasulu, akajitwika mzigo wake, akaenda nyumbani.