Hotuba Mbili Juu ya Maiti Moja

Wasemao kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni huusifu uwezo wa ulimi. Ni wachache waulizao nyoka huyo, akisha kutoka, humwuma nani. Swali hili la pili husahauliwa mara nyingi pale wanafunzi wanapofundishwa kutunga hotuba ya kushawishi kwa vielelezo vya hotuba mbili zilizomo katika tendo la tatu la Julius Caesar, mchezo wa William Shakespeare ulioonyeshwa London mwaka 1599. Hotuba hizo zimo katika Kiswahili tangu mwaka 1963, Julius Nyerere alipoitoa tafsiri yake ya mchezo huo, naye wakati ule alikuwa Rais wa Tanganyika. Baadaye aliisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969. Si jambo dogo kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu ambaye shughuli yake ya kila siku ilikuwa kuwavuta watu kwa maneno.

Habari yenyewe ni fupi. Tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo, Caesar aliuawa kwa majambia na wakuu wenziwe wa Roma. Katika mchezo, Brutus, aliye mmoja wa wauaji na rafiki wa aliyeuawa, anapanda mimbari awaeleze raia sababu ya tendo lile. Baada yake anapanda Mark Antony, aliyepewa ruhusa ya kumsifu marehemu. Watu walewale walioshangilia hotuba ya kwanza wanaisikia ya pili, na kabla jua halijatua wanashika mienge kwenda kuzichoma nyumba za wale waliokuwa wakiwashangilia.

Maelezo ya kawaida juu ya mgeuko huo ni mepesi kushika: Brutus alisema na akili, Antony akasema na moyo, na moyo ukashinda. Maelezo haya yanapendeza, lakini hayasimami mbele ya maandishi. Msomaji ayatafute makosa ya Caesar katika hotuba ya Brutus. Hataona hata moja lililotajwa kwa jina, mahali au siku. Brutus anadai kuwa Caesar alikuwa na tamaa ya ukuu, kisha anataka asadikiwe kwa heshima yake mwenyewe. Anauliza ni nani kati ya wasikilizaji aliye mnyonge hata apende utumwa. Wanamjibu kwamba hakuna, naye analihesabu jibu hilo kuwa ni kukubaliwa. Sentensi zake zimepimwa vema, kila moja ina mwenzake wa kuitazama, nazo zimesemwa kwa nathari, kana kwamba msemaji hataki pambo lolote. Lakini mizani ya sentensi si mizani ya hoja. Alichowapa watu ni cheo chake, akakiita sababu.

Adhabu ya kosa hilo haikawii. Raia mmoja anayemshangilia anataka Brutus mwenyewe afanywe Caesar. Msemaji amemwua mtu ili pasiwe na mfalme, na hadhara aliyoishawishi inamtafutia taji. Hapana ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba hotuba inaweza kupigiwa makofi bila ya kueleweka. Brutus aliwavuta watu kwake, wala hakuwavuta kwenye jambo lake.

Antony alianza kuitengeneza hotuba yake kabla ya kufika mimbarini. Mbele ya maiti, wakati mikono ya wauaji ingali na damu, aliomba jambo moja tu: kusema katika mazishi. Cassius aliiona hatari, akamnong'oneza Brutus asikubali. Brutus akakubali, akaweka masharti: Antony asiwalaumu wauaji, aseme kwamba amepewa ruhusa, na aseme baada ya Brutus. Masharti haya yalikusudiwa yawe kamba ya kumfunga. Yeye aliyageuza kuwa ngazi. Kusema mwisho ni kuachiwa masikio ya watu. Kukatazwa kulaumu kulimlazimisha atafute njia ambayo lawama itatoka katika vinywa vya wasikilizaji wenyewe, na neno alitoalo mtu kwa kinywa chake ni gumu kulikana. Tena alikuja na vitu viwili ambavyo Brutus hakuwa navyo: maiti na hati ya wasia.

Katika kusema kwake, jambo la kwanza la kuangaliwa ni kwamba huyu asemwaye kuwa mtu wa machozi ndiye aliyeleta ushahidi. Dai ni kwamba Caesar alitaka ukuu. Antony anajibu kwa mambo matatu yawezayo kuchunguzwa: mateka walioletwa Roma, ambao fidia zao ziliingia katika hazina ya watu wote, huruma ya Caesar kwa maskini, na taji alilopewa mara tatu katika sikukuu ya Lupercal, akalikataa mara tatu. Baada ya kila jambo anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Sifa ile ndiyo dhamana pekee ambayo Brutus aliiweka mbele ya watu, na kila inaporudiwa baada ya ushahidi inapungua thamani, mpaka ikawa tusi. Hakuvunja sharti hata moja. Kisha ananyamaza, akidai kuwa huzuni imemshika. Kituo hicho ni sehemu ya hotuba kama maneno yenyewe, maana ndani yake raia wanaanza kujadiliana, na kila mmoja anamwambia jirani yake lile ambalo Antony hakulisema.

Laiti angalikomea hapo, hotuba ile ingalikuwa kielelezo chema kabisa. Lakini Antony anashuka mimbarini, anawaweka watu duara kuizunguka maiti, analishika joho la marehemu na kukumbusha jioni lilipovaliwa mara ya kwanza, siku Caesar alipowashinda Wanervii. Ndipo anapoonyesha tundu moja moja na kumtaja mwenye jambia: hapa Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Wasomaji wengi hulia pamoja na raia wa Roma wasijiulize Antony ameyajuaje. Wakati wa mauaji hakuwapo. Trebonius alikuwa amemwondoa kwa hila kabla jambia la kwanza halijachomolewa. Hata ile jioni ya ushindi ina walakini katika historia, maana vita na Wanervii vilipiganwa mwaka 57 kabla ya Kristo, na Antony alijiunga na Caesar huko Galia mwaka 54. Matundu ni ya kweli na damu ni ya kweli, bali majina yaliyobandikwa juu yake ni ya kubuni.

Hapa ndipo ulipo ubingwa wa Antony, na hapa ndipo ilipo hatia yake. Aliianza kazi kwa ushahidi wa haki ili apate imani ya watu, kisha akaitumia imani ile kupitisha ushahidi wa uongo. Mtu aliyekwisha kuamini mambo matatu hachungui la nne. Wanaosema kwamba moyo uliishinda akili wanawaonea raia wale. Akili zao zilifanya kazi vizuri mwanzoni. Kosa lao ni kwamba ziliacha kufanya kazi zilipokwisha kuridhika.

Yako mawazo kwamba mhakiki hana haki ya kwenda mbali zaidi. Kwamba hotuba ya kushawishi hupimwa kwa kushawishi kwake, kama kisu kipimwavyo kwa makali. Shakespeare mwenyewe hakukubaliana na mawazo hayo. Mara baada ya hotuba ameliweka onyesho fupi ambalo huweza kurukwa upesi na msomaji mwenye haraka. Cinna mshairi anapita njiani akienda mazishini kwa rafiki yake Caesar. Raia wanamkamata, wanamwuliza jina, aendako, akaako, kama ameoa. Anawajibu yote kwa ukweli. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anasema kwamba yeye ni mshairi, si yule mwingine. Wanamrarua kwa ajili ya jina, na kwa ajili ya ubaya wa mashairi yake. Saa chache nyuma watu hawa waliupima ushahidi wa fidia na taji. Sasa ushahidi ulio mbele ya macho yao hauna nafasi. Ni rafiki wa Caesar aliyeumwa na nyoka aliyetolewa pangoni kwa jina la Caesar.

Wala mambo hayaishi hapo. Wasia uliwaahidi raia drakma 75 kila mmoja, na bustani za Caesar ziwe zao. Katika tendo la nne, Antony ameketi na wenziwe wakiandika majina ya watu watakaouawa, naye anaagiza wasia uleule uletwe ili watazame jinsi ya kupunguza yaliyoahidiwa. Karatasi iliyowatoa watu machozi imekuwa hesabu ya kupunguzwa.

Aristotle alifundisha kwamba msemaji husadikiwa kwa mambo matatu: tabia yake, hali ya nyoyo za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Brutus aliegemea la kwanza tu, akaanguka. Antony aliyatumia yote matatu, akashinda. Mwanafunzi anayejiandaa kuhutubia ana mengi ya kujifunza kwake: kuwajua wasikilizaji, kuchagua zamu, kutaja mambo badala ya sifa, kuonyesha panapowezekana kuonyesha, na kujua pa kunyamaza. Lakini Antony akifundishwa bila ya Cinna, kinachofundishwa ni ujambazi wa maneno. Baada ya hotuba njema msikilizaji bado anaweza kuuliza, na akipewa jibu la kweli bado anaweza kulisikia. Raia wa Roma waliuliza maswali manne, wakapata majibu manne ya kweli, wakaua.