Daftari, Kikombe, Leso

Mwaka huu nimeangukia vitu vitatu, na nitavihakiki jinsi ninavyohakiki vitabu.

Cha kwanza, daftari la jalada gumu, Kitale. Karatasi nzito, utepe wa kushika ukurasa. Ni zuri mno. Mpaka leo sijaliandika neno. Daftari linalomtisha mwandishi limefeli. Mashairi yangu yote yako kwenye kauntabuku ya Kasuku.

Cha pili, kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, Kitale vilevile. Rangi imebanduka, chai inachoma midomo. Nakipenda tu, bana.

Cha tatu, leso, sokoni Bungoma. Pindo la kawaida, mji umejaa wekundu kupita kiasi. Lakini soma jina: WEMA HAUOZI. Leso huuzwa jozi, ukakata mwenyewe. Kipande kimoja nikampelekea dadangu Kitale. Hatukuwa tumesemezana tangu matanga ya mama. Akapokea, kimya. Nilipopita tena Jumapili, nilimkuta amejifunga, anapika. Akasema, "Keti, ule."

Sasa niambie: shairi langu gani limewahi kufanya hivyo?