Mafaili 25 "Yasiyotumika"

Wimbo wa kwaya wa dakika nne niliurekodi chumbani kwangu, sauti moja baada ya nyingine: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila sauti iliimbwa mara tisa. Kwa ubora wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, maiki moja hula baiti 144,000 kila sekunde, yaani megabaiti 8.64 kwa dakika. Teki moja, yaani rekodi ya kuimba mara moja, inakaribia megabaiti 35, na teki zote 36 zinapita gigabaiti 1.2. Wimbo ulipokamilika, vipande vyake vilitoka kwenye teki 11 tu. Zile 25 zilibaki kwenye diski, hazisikiki popote.

REAPER niliyorekodia, kama programu nyingi za kurekodi, haikati faili la sauti pale unapokata kwenye skrini. Faili la mradi, lile la .rpp, ni maandishi tu. Lifungue kwa programu ya kuandikia na utasoma humo jina la kila faili la sauti, linaanza kupigwa wapi na kwa muda gani. Ukifuta kipande, umefuta maelezo hayo. Sauti yenyewe iko palepale kwenye folda. Huo ni uhuru mkubwa wa kujaribu na kurudi nyuma, lakini bei yake ni folda inayozidi kunenepa.

Kwenye menyu ya faili ipo amri ya kusafisha folda ya mradi. Huorodhesha mafaili ya folda hiyo ambayo mradi uliofunguliwa hauyatumii, nawe unachagua ya kufuta. Mara ya kwanza nilipoitumia, orodha ilikuwa fupi ajabu. Kumbe teki zilizorekodiwa juu ya nyingine hukaa kwa tabaka ndani ya kipande kimoja, na hata zile zilizofichika huhesabiwa kuwa zinatumika. Vivyo hivyo kipande ulichokizima sauti. Nikateua vipande vyote, nikaviamuru vibaki na teki inayosikika peke yake, nikahifadhi. Orodha ikafika 25.

Nikafuta zote, bila hata kuzipitisha kwenye pipa la taka.

Siku chache baadaye nikafungua toleo la pili la wimbo uleule, lile lisilo na ala, lililokuwa kwenye folda hiyohiyo. Nikakutana na ujumbe kwamba mafaili hayaonekani. Sauti ya tatu yote ilikuwa kimya, kwa sababu toleo hilo lilitumia teki ambazo toleo la kwanza halikuzihitaji. Mwimbaji wake alikuwa ameshahama mji. Sauti ile haijapatikana hadi leo, na kosa ni langu: nilisoma neno "halitumiki" nikadhani maana yake ni "halihitajiki". Maana yake halisi ni kwamba mradi huu mmoja, jinsi ulivyo sasa hivi, haulitaji faili hilo.

Programu ya Ableton Live huuliza swali pana zaidi, kwa kuwa hukagua nyimbo zote zilizomo ndani ya folda ya mradi kabla ya kulihukumu faili. Hata hivyo, nayo haijui kama mradi wa folda nyingine unaliazima faili hilohilo. Cubase huweza kuyapeleka mafaili yasiyotumika kwanza kwenye folda yake ya taka, yakae humo mpaka uimwage, na muda huo wa kusubiri una thamani kubwa.

Tangu siku hiyo nimeacha kufuta visivyotumika; ninahamisha vinavyotumika. Nafungua kila toleo, nalihifadhi upya kwenye folda mpya, na kuweka alama kwenye kisanduku cha kunakili sauti zote ndani ya folda ya mradi. Zinazonakiliwa ni zile tu ambazo mradi unazitaja. Kisha naipa folda ya zamani jina jingine ili mradi usiweze kuzifuata sauti huko kwa siri, nafungua matoleo mapya, nasikiliza mwanzo hadi mwisho. Yakiwa kamili, folda ya zamani inakwenda kwenye diski ya nje, na kufutwa ni suala la baadaye sana.

Nafasi nyingine hupotea ndani ya mafaili yanayotumika. Kiitikio kikichukua sekunde sita kutoka teki ya dakika nne, megabaiti 35 zinatunzwa kwa ajili ya kitu kisichofikia megabaiti moja. Amri ya kugandisha kipande huandika faili jipya la sekunde hizo sita. Ifanye mwishoni kabisa, maana ukishagandisha huwezi tena kuvuta ukingo wa kipande kutafuta pumzi ya mwimbaji iliyokuwa kabla yake.

Basi, ndugu mrekodi, kabla hujagusa amri ya kusafisha, fungua folda yako uhesabu mafaili ya .rpp. Yakizidi moja, usifute kitu usiku huu.