Kitabu cha Herufi za Mfalme Sejong

Mwaka 1446 Mfalme Sejong wa Korea alitoa kitabu cha kufundisha herufi 28, alizoziunda kwa ajili ya raia wake. Kabla ya hapo waliandika kwa alama za Kichina, na watu wadogo hawakuzijua. Jeong In-ji, aliyeandika maneno ya mwisho ya kitabu, asifu kwamba mwenye akili huzijua herufi hizo kabla asubuhi haijaisha. Wanaojifunza Kikorea leo hupenda kurudia sifa hiyo. Sisi twaona ni kweli nusu tu.

Herufi zenyewe ni rahisi, na kitabu chaeleza sababu. Herufi ya n ni picha ya ulimi unaogusa juu ya kinywa; ya m ni kinywa chenyewe. Kwa vokali, nukta ni mbingu, mstari uliolala ni nchi, mstari uliosimama ni mtu. Lakini maelezo hayo mazuri yaliandikwa kwa Kichina! Raia walipewa herufi, sababu zikabaki kwa wasomi. Baadaye kitabu kilisahauliwa, hata wengine wakadhani herufi ziliigwa mbao za madirisha. Nakala yake ilionekana tena mwaka 1940.

Siku hizi zatumika herufi 24, na anayejifunza hizo tu hukutana na mafumbo. Duara likitangulia silabi halina sauti. Likiwa mwishoni, lasomwa kama ng' ya ng'ombe. Kwa nini? Mwalimu hujibu: «Ndiyo desturi.» Kitabu cha kale chajibu vema zaidi: zilikuwa herufi mbili, duara tupu na duara lenye kikonyo. Vilevile neno mal leo ni farasi, tena ni usemi. Zamani farasi aliandikwa kwa nukta, usemi kwa a, na jicho likatambua tofauti mara moja. Nukta hiyo iliondolewa katika kanuni za maandishi za mwaka 1933.

Jambo hili latuhusu sisi makatekista. Agostino Jeong Yak-jong, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 1801, aliandika katekisimu kwa herufi za Sejong, si kwa Kichina, ili wasiosoma sana waelewe. Anayefungua nakala za kale za kazi yake bila kuijua nukta ile atakwama upesi.

Basi, twahukumu hivi: kitabu cha Sejong ni kazi kubwa, na upungufu wake ni kuficha sababu mbali na wale waliohitaji herufi. Asubuhi moja yatosha kukariri alama, haitoshi kuzifahamu. Mwalimu akitoa jibu bila sababu, awe anafundisha Kikorea ama katekisimu, mwanafunzi ataimba vizuri darasani, na swali la kwanza la njiani litamshinda.