Jinsi ya Kuipima Safari ya Boti Rufiji

Safari ya boti kwenye mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, husifiwa kwa hesabu: viboko wangapi, mamba wangapi, tembo wangapi waliokuja kunywa. Hesabu hiyo haimpimi nahodha wala mwongoza watalii, kwa sababu viboko wa Rufiji humtokea hata mwenye boti asiyejua lolote. Maswali ya kuuliza ni mawili. Boti ikishaondoka, mnyama anaendelea na alichokuwa akifanya? Na abiria ameelewa kwa nini kiumbe yule na ukingo ule uko pale? Yote mawili hutegemea jambo moja, kama waliobeba watu wanaujua mto wenyewe.

Anza kwa kusikiliza injini. Kiboko hushinda majini mchana, hutoka usiku kula majani, na akishtuka hukimbilia penye kina. Ndiyo maana nahodha mahiri hupunguza mwendo angali mbali, mara masikio yanapochomoza juu ya maji, kisha hupita upande usiowazibia wanyama njia ya kwenda kwenye kina. Nahodha duni huelekea kundini moja kwa moja, na dume anapopanua kinywa, abiria huambiwa anapiga miayo. Ule si usingizi, ni onyo, na asiyelitambua hastahili kukabidhiwa roho za watu. Mamba naye ni shahidi. Anapolala mchangani kinywa wazi, anapunguza joto la mwili. Boti ikimkuta hivyo na kumwacha hivyo, kazi imefanywa vizuri. Akiporomoka majini, boti imekuja kwa kasi au imesogea mno, hata kama abiria wameshangilia.

Kisha tazama ukingo. Kwenye kuta za udongo zilizosimama wima, keremkerem wenye paji jeupe huchimba viota vyao, tundu likiingia ndani kiasi cha mita moja. Wimbi la boti iendayo kasi huula ukuta ule kutoka chini hadi ukameguka, kwa hiyo mwendo wa taratibu mahali hapo ni sehemu ya ufundi. Injini ikizimwa na mkondo ukaachiwa boti, mwongoza watalii anaweza kusema bila kupaza sauti. Hapo sikiliza anachosema. Vigogo vya mivumo iliyokufa ikiwa wima katika maziwa ya kando ya mto vinaonyesha kwamba Rufiji huhama njia, na maji yakafika palipokuwa nchi kavu. Siku hizi maji hayo hupita kwanza kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Anayeeleza kimo cha maji bila kulitaja bwawa anasimulia mto wa jana.

Wapo wanaodai historia haina nafasi botini, maana ndani ya hifadhi hakuna vijiji vya kuonyesha. Dai hilo linasahau kwamba historia ya bonde hili imeandikwa na maji. Huko chini, nje ya hifadhi, Warufiji walilima mlau mafuriko yalipopungua na kulinda mashamba wakiwa juu ya madungu, vibanda vya juu ya nguzo, hadi Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 ilipowahamisha wengi kutoka bondeni. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, inasimuliwa, alizama majini akaibuka na nguo kavu. Dawa yake ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mwongoza watalii anayeishia kwa mwindaji Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, amesimulia kaburi moja akaliacha bonde zima.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa: mgeni amelipa, anataka picha ya karibu. Ni haki yake kutaka, lakini kiboko aliyeshtuka huzama, na anayetaka picha nzuri anahitaji mnyama aliyetulia. Wengine watasema abiria wa siku moja hana ujuzi wa kuhukumu. Dalili zilizotajwa hapa hazihitaji shahada. Sikio linajua injini ilipunguzwa lini, jicho linaona mamba aliyebaki mchangani, na yeyote anaweza kuuliza, "Hapa waliishi akina nani?" Hukumu hiyo ina uzito kwa sababu nahodha hujifunza kutokana na kinachosifiwa. Bakhshishi inayotolewa kwa kusogezwa hadi puani mwa kiboko humfundisha kusogea zaidi kesho. Ikitolewa kwa injini iliyozimwa mapema, wageni wa kesho watawakuta viboko wakiwa watulivu.