Gia Kumi Zisizopatana

Mnunuzi anayekwenda kwa fundi wa baiskeli na kipuri kikuukuu mkononi huhudumiwa na macho na mikono ya mtu aliyekwisha kuviona vipuri vingi: fundi hukipokea, hukigeuza, hukipima kwa kalipa, akakilinganisha na kile kipya hata kabla hayajatajwa malipo. Mnunuzi wa duka la mtandaoni hana msaada huo. Alicho nacho ni maneno na tarakimu ambazo mtu asiyemjua, aghalabu mtu ambaye hajapata kufungua gia ya baiskeli maishani mwake, ameziandika katika jedwali. Tarakimu zile zikiwa sahihi atapata haki yake, na zikiwa na kasoro atapokea kitu kizuri, kipya, chenye jina lile lile alilolitafuta, ambacho hakitafanya kazi katika baiskeli yake. Nataka kuichambua hapa kasoro moja tu ya majedwali hayo, kwa kuwa ndiyo mama wa kasoro nyingine nyingi, nayo ni desturi ya kuvipanga vipuri vya gia kwa idadi ya gia.

Ili hoja ieleweke hatuna budi kurudi mwaka 1984, wakati kampuni ya Shimano ya mji wa Sakai, Japani, ilipoutoa mfumo wake wa gia zenye vituo, ukiwa umefungwa katika vipuri vya Dura-Ace vya mfululizo wa 7400, vyenye visahani sita vya meno katika gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo mkono wa gia wa kawaida haukuwa na kituo chochote: mwendeshaji aliuvuta polepole huku akiisikiliza cheni, na cheni ikikwaruza aliusogeza tena kidogo hadi sauti ikatulia, kwa hiyo usahihi wote ulikaa katika sikio na vidole vyake. Mkono wa aina hiyo ulikubali karibu kila kipuri, kwani binadamu mwenyewe alikuwa akisahihisha hitilafu za vipimo. Vituo vilipokuja, usahihi ule ulihama kutoka kwa mtu ukaingia katika vyuma, na tangu siku hiyo vipuri vya gia vikawa na sharti la kupatana kwa kipimo, wala si kwa umbo tu.

Sharti lenyewe ni sahali kulieleza. Kila kituo cha mkono wa gia huuvuta waya kwa urefu fulani. Waya ule hukivuta, kule nyuma, kile chombo chenye vigurudumu viwili vidogo kining'iniacho chini ya habu, ambacho nitakiita kihamisha cheni, nacho huuzidisha mvuto ule kwa uwiano wake wa asili na kuisogeza cheni kando. Mwendo unaopatikana lazima ulingane na nafasi iliyopo baina ya katikati ya kisahani kimoja na katikati ya jirani yake. Katika gia nane za Shimano mkono huvuta milimita 2.8 kwa kila kituo, kihamisha cheni kina uwiano wa 1.7, na zao lake ni milimita 4.76, ilhali visahani vimeachana kwa milimita 4.8. Katika gia tisa mvuto ni 2.5, zao ni 4.25, na nafasi ni 4.35. Katika gia kumi za baiskeli za barabarani mvuto ni 2.3, zao ni 3.91, na nafasi ni 3.95. Tarakimu hizi zimekadiriwa, na tofauti ndogo zinazobaki humezwa na kigurudumu cha juu cha kihamisha cheni, ambacho kimeachiwa makusudi uhuru wa kucheza kidogo kushoto na kulia.

Ukizitazama hesabu hizo tatu utaona jambo ambalo wenye maduka wengi hawakuliona. Uwiano wa kihamisha cheni haukubadilika kabisa tangu gia nane hadi kumi; kilichobadilika ni mvuto wa mkono na nafasi ya visahani. Maana yake ni kwamba kihamisha cheni kilichoandikwa "gia tisa" cha baiskeli ya milimani hufanya kazi sawasawa kwa mkono wa gia kumi wa barabarani, na wasafiri wa masafa marefu, ambao hupenda mikono ya barabarani pamoja na gia nyepesi za kupandia milima, waliitumia ndoa hiyo miaka mingi kwa furaha. Hata hivyo duka linalochuja bidhaa kwa idadi ya gia humficha mnunuzi kipuri hicho, kwa kuwa tisa si kumi.

Hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na iliyofuata. Mwaka 2010 Shimano ilileta gia kumi za milimani kwa jina la Dyna-Sys, na wahandisi wake wakabadili kile ambacho hakikuwa kimeguswa. Sababu yao ilikuwa ya haki: baiskeli ya milimani hupita katika tope, waya hukwama ndani ya ala yake, na kadiri kila kituo kinavyovuta waya mrefu zaidi ndivyo mkwamo ule unavyopungua athari. Wakaupandisha mvuto hadi milimita 3.4 na kuushusha uwiano hadi 1.2, zao likawa milimita 4.08, na visahani vikabaki vimeachana kwa zile zile 3.95. Basi zikawapo sokoni, kutoka kwa mtengenezaji mmoja, aina mbili za gia kumi zenye kaseti, yaani mafungu ya visahani vya nyuma, za nafasi moja na cheni za upana unaokaribiana, ambazo hazipatani hata kidogo katika waya.

Chukua mkono wa gia kumi wa barabarani, uufunge na kihamisha cheni cha gia kumi cha milimani. Mvuto wa 2.3 mara uwiano wa 1.2 ni milimita 2.76, ambapo cheni ilitakiwa isogee 3.95. Kituo cha kwanza kinapungukiwa na milimita 1.19, baada ya vituo vitatu upungufu umefika 3.57, karibu nafasi ya kisahani kizima, na hakuna marekebisho ya skrubu wala ya mkazo wa waya yatakayoliondoa kosa linaloongezeka kwa kila hatua. Fundi asiyeijua sababu atarekebisha asubuhi hadi jioni, na mwishowe atamlaumu mtengenezaji, au atajilaumu mwenyewe bila hatia. Nami nasema wazi kwamba lawama hiyo ni ya jedwali, lililovipa vipuri viwili visivyopatana alama moja ya "kumi" na kumwambia mnunuzi kwa ukimya wake kwamba vinafaa.

Mushkili haukuishia katika mgawanyo wa barabara na milima. Mwaka 2015 vipuri vya Tiagra vya mfululizo wa 4700 vilitoka na gia kumi za barabarani zenye uwiano wa 1.4, ule ule uliokwisha kutumika katika gia kumi na moja za barabarani, kwa hiyo mkono wa Tiagra 4700 haupatani na kihamisha cheni cha Tiagra 4600 iliyotangulia, ingawa jina ni moja, matumizi ni mamoja na idadi ya gia ni moja. Upande wa pili, kampuni ya SRAM, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1987, ilitumia katika gia zake kumi mvuto wa milimita 3.1 na uwiano wa 1.3 kwa barabara na kwa milima sawia, na vipuri vyake vya aina hizo mbili hubadilishana bila taabu. Kanuni gani basi ataiandika mwenye duka anayetegemea neno "kumi"? Akisema barabara na milima hazichanganyiki, atakosea kwa SRAM. Akisema barabara na barabara hupatana, atakosea kwa Tiagra.

Dawa ni kuandika vile vipimo vyenyewe. Kwa mkono wa gia iandikwe idadi ya vituo na mvuto wa waya kwa kila kituo. Kwa kihamisha cheni, uwiano wake. Kwa kaseti, idadi ya visahani, nafasi baina yao, meno ya kisahani kidogo kabisa na ya kikubwa kabisa, na aina ya shina la habu inalolivaa. Namba ya biashara ya tarakimu 13 isomwayo katika mistari ya paketi haitoshi kwa kazi hii: hukitambulisha kipuri baina ya vipuri vyote vya dunia, wala haisemi neno juu ya kinachopatana nacho.

Kihamisha cheni kina vipimo vingine viwili ambavyo majedwali huviacha mara nyingi, navyo ni meno ya kisahani kikubwa kabisa kinachoweza kupanda, na jumla ya ulegevu wa cheni kinachoweza kuumeza. Ulegevu huo huhesabiwa kwa kujumlisha tofauti ya meno ya sahani za mbele na tofauti ya meno ya visahani vya nyuma. Baiskeli yenye sahani za mbele za meno 50 na 34, na kaseti ya meno 11 hadi 34, inahitaji 16 na 23, yaani 39. Kihamisha cheni cha Shimano Ultegra R8000 kilitolewa katika sura mbili: chenye herufi za mwisho GS, mkono wake unaobeba vigurudumu ni mrefu zaidi, hupanda hadi meno 34 na kumeza 39, na chenye herufi SS, mkono huo ni mfupi, hupanda hadi 30 na kumeza 35. Duka likiandika "Ultegra R8000" na kuziacha herufi hizo, limeacha sehemu ya jina yenye thamani kuliko zote, na mwenye kaseti ile ya 34 akiletewa SS ameletewa kitu kisichomfaa kwa hesabu zote mbili.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali la "ndiyo" na "hapana" haliwezi kulibeba, nalo ni kufaa kwa masharti na kufaa kwa upande mmoja. Shina la habu la gia kumi na moja za barabarani la Shimano ni refu kuliko lile la gia nane, tisa na kumi kwa milimita 1.85. Kaseti ya gia nane huingia katika shina refu kwa sharti la kutanguliza pete ya milimita 1.85, lakini kaseti ya kawaida ya gia kumi na moja za barabarani haiingii katika shina fupi kwa sharti lolote. Cheni nazo zina hali hiyo hiyo. Cheni zote za baiskeli tunazozijua mitaani zina hatua ya nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, lakini ile pana ya moja ya nane ya inchi, ya baiskeli kubwa nyeusi zinazobeba magunia na ndizi katika Afrika ya Mashariki, hukaa juu ya meno membamba ya tatu ya thelathini na mbili ya inchi, ilhali cheni nyembamba haiwezi kuyavaa meno mapana. Hifadhidata inayodhani kwamba A akimfaa B basi B naye amemfaa A katika kila hali, imekosea kabla haijajazwa.

Wako wanaoshikilia kwamba ni salama zaidi kuandika jozi: kipuri hiki na kile vinafaa. Njia hiyo ni nzito. Mikono 100 ya gia na vihamisha cheni 100 ni jozi 10,000 za kuthibitishwa, na kila kipuri kipya kinapoingia ghalani huleta jozi 100 nyingine. Vipimo vikiandikwa, mistari ni 200 tu, na jozi huzalishwa na hesabu. Jozi zina mahali pake hata hivyo, kwa yale ambayo hesabu haiyaoni, kama vile katazo la mtengenezaji, au mapatano yaliyojaribiwa na mafundi ingawa mtengenezaji hayatambui. Hayo yaandikwe kando kama mambo ya pekee, pamoja na jina la aliyethibitisha. Nafasi tupu isihesabiwe kuwa "haifai", wala isihesabiwe kuwa "inafaa". Mnunuzi ana haki ya kupata jibu la tatu, kwamba jambo halijathibitishwa, ili aamue mwenyewe au aulize.

Vipuri vya magari hutafutwa kwa mwaka, mtengenezaji na aina ya gari, na kwa magari utaratibu huo hufanya kazi vyema. Kwa baiskeli sikubali kwamba unatosha, kwa sababu baiskeli iliyokwisha kupita katika mikono miwili mitatu, kama zilivyo nyingi za mitumba zinazoshushwa katika bandari zetu, imebadilishwa gurudumu, cheni na pengine mkono wa gia, na mwaka wake wa kuzaliwa hausemi lolote juu ya kilichofungwa ndani yake leo. Mwenye baiskeli hiyo aulizwe kipuri alicho nacho, wala si baiskeli aliyo nayo.

Mwaka 2023 Shimano ilianza kuuza vipuri vya CUES, vyenye gia 9, 10 na 11 zinazotumia cheni moja na kujengwa ili zishirikiane zenyewe kwa zenyewe, lakini kaseti zake za Linkglide hazibadilishani na zile za Hyperglide tulizozizoea. Hatua hiyo ni njema kwa mnunuzi wa baiskeli mpya, nayo imeongeza maana nyingine ya "kumi" katika maduka ambayo yalikuwa bado hayajazitenganisha zile za kwanza. Kwa hiyo nawasihi wenye maduka waongeze safu mbili, mvuto wa waya na uwiano wa kihamisha cheni, kabla ya kuongeza picha nyingine yoyote. Nawe msomaji, kabla hujalipa, geuza kipuri chako cha zamani, soma namba iliyochorwa nyuma yake hadi herufi ya mwisho, na umtake muuzaji akuandikie kipimo, asikutajie idadi ya gia peke yake.