Mwandika Mabango wa Njia ya Irente

Barabara inayopanda kutoka Lushoto mjini kwenda Irente haina jumba la sanaa, lakini duka, kinyozi na mgahawa vina maandishi ya mkono. Ukitazama vizuri utaona fundi alianza kwa kufikiria mvua. Matone hurusha udongo mwekundu ukutani, kwa hiyo sehemu ya chini hupakwa rangi nzito ya kahawia, maandishi yakapandishwa juu yake. Kisha kuna ukungu: herufi nyembamba haisomeki hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana herufi zake ni nene, za njano juu ya bluu, zimepigwa kivuli upande mmoja.

Ni elimu inayodharauliwa. Fundi huhesabu herufi, hutafuta ya katikati, hupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, halafu huandika akienda pande zote mbili, na neno refu hutua sawasawa mwisho wa ukuta. Au halitui, na herufi ya mwisho inabanwa kama abiria aliyepandia gari la Noah njiani. Hizo, nakiri, ndizo ninazozipenda zaidi.

Wapo wanaotaka kazi za mtaani ziingizwe ndani zisiharibike. Nawaelewa, maana rangi hubanduka. Lakini mwaka 2013 ukuta wenye mchoro wa Banksy, msanii wa mtaani, ulikatwa Wood Green, London, ukapelekwa mnadani Miami. Wakazi wakapiga kelele, ukaondolewa mnadani. Miezi michache baadaye ukauzwa London kwenyewe. Mchoro ulionyesha mtoto akishona vibendera kwa cherehani, ubavuni mwa duka la vitu vya bei rahisi. Duka ndilo lililokuwa linashtakiwa. Mnunuzi alipata mtoto na cherehani, mshtakiwa akabaki mtaani.

Hata hivyo si kila cha mtaani ni cha ukuta. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mnunuzi aliondoka nayo kwapani. Picha ya namna hiyo ikifika makumbusho sioni aliyeibiwa. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu naye, huko Katanga, alichora historia ya Zaire kwa picha 101 miaka ya 1973 na 1974, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Leo ziko Amsterdam, lakini maelezo yake yalinakiliwa na kuchapishwa, kwa hiyo mwenyewe bado anasikika.

Basi ukuta wa Irente uachwe ulipo, hata ukififia. Mwenye duka ana haki ya kuupaka upya atakapobadili biashara. Kinachonitia wasiwasi si jua wala mvua, ni bango la plastiki linalochapwa kwa mashine mchana mmoja na kufungwa kwa waya juu ya kazi ya fundi. Hilo linampunguzia wateja. Jumba la sanaa likimpenda kweli, lisimletee patasi. Limwite, limpe ukuta wake wa nje aandike jina la jumba hilo, na limlipe kwa bei ya wale wanaotundikwa ndani.